Sikio Lililosemewa

Mtu akitaka geti la chuma ambalo bawaba zake hazilii wala nguzo zake haziinami baada ya mvua mbili, alielekezwa kwa ndugu wawili waliokuwa na karakana nyuma ya maegesho ya malori. Mkubwa aliitwa Fundi Geti, na jina hilo lilimganda hata mkewe akawa hamwiti vingine mbele za watu. Mdogo aliitwa Cheche. Jina hilo alipewa na mama yao, kwa sababu tangu alipoanza kutembea hakuwahi kutulia mahali pamoja. Baba yao alifariki Cheche akiwa bado anabebwa mgongoni. Fundi Geti ndiye aliyemsomesha, akamnunulia viatu, akamchapa alipotoroka shule, na mwishowe akamshikisha mashine ya kuchomelea.

Kazi waligawana. Cheche alikwenda kwa wateja, akapima, akabishana, akawachekesha mpaka wakasahau kuomba punguzo. Fundi Geti alibaki karakanani na kioo chake cha kuchomelea usoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kasoro yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: ungeweza kumwita mara tatu asigeuke, halafu ukanong'ona jambo la siri pembeni, akakujibu.

"Huyo anasikia anachotaka," mkewe alikuwa akisema. "Mwambie chai iko tayari, anasikia. Mwambie bati la choo linavuja, ametia pamba masikioni."

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo, hata yeye mwenyewe, maana mtu hajui masikio ya mwenzake yanasikia vipi. Simu aliiweka kuliani siku zote. Akitembea na watu alijisogeza ukingoni kushoto, ili wote wawe upande wake wa kulia. Akilalia ubavu wa kulia, nyumba ingeweza kubomolewa asishtuke. Yote hayo yalihesabiwa kuwa tabia zake tu, kama vile mwingine anavyopenda chumvi nyingi.

Mwaka mmoja wapima masikio walikuja kwenye ukumbi wa shule ya jirani, wakawa wanapima watu bure. Mkewe alimpeleka, karibu kwa kumburuta. Ukumbi ulikuwa umefurika, watoto wanalia, viti vinakwaruza sakafu, foleni imetoka hadi nje. Kijana aliyempima alikuwa mpole, ila mbio mbio. Akamvisha hedifoni, akampa kitufe.

"Ukisikia mlio, hata mdogo vipi, bonyeza."

Sikio la kulia likaisha upesi. Walipofika la kushoto kijana akaongeza sauti, akaongeza, akaongeza tena, na Fundi Geti ametulia tu. Kisha akasikia kitu kwa mbali, kama filimbi inayopulizwa nyumba ya tatu. Akabonyeza.

"La kulia ni zima kabisa," kijana alimwambia mkewe. "La kushoto limepungua, lakini linasikia. Sauti ikiwa kubwa linaipata. Tutampa mashine ya sikio, imsaidie zaidi."

Mashine hiyo Fundi Geti aliivaa mpaka sikio likaota vipele. Ilipiga miluzi, ilimwasha, lakini sauti ya mtu haikuiongeza hata chembe. Akaivua, akaiweka kwenye kabati la vyombo nyuma ya vikombe vya wageni.

"Haisaidii," alisema.

"Hujataka ikusaidie," mkewe akamjibu.

Tangu hapo ule utani ukapata muhuri wa hospitali. Zamani watu walisema labda hasikii vizuri. Sasa daktari alikuwa ameshasema linasikia, kwa hiyo asipoitika ni kusudi.

Ikatokea mkandarasi mmoja, aliyekuwa akijenga maghala katika mji wa mbali, akaipenda kazi ya Cheche. Akamwomba aende akawe msimamizi wa mafundi wake. Cheche hakumjibu hapo hapo. Alirudi nyumbani, akalitoa jambo hilo wakati wa chakula, macho yake yakimtazama kaka yake.

Fundi Geti alitafuna, akameza, akasema, "Ni kazi nzuri."

Basi. Yeye alikuwa amejivunia mdogo wake. Lakini Cheche aliyapokea yale maneno kama ya mtu anayemfungulia mlango atoke.

Alizunguka na jambo lile moyoni siku zote zilizobaki. Hakutaka kwenda. Karakana ile ndiyo aliyoijua, na kaka yake ndiye baba aliyemjua. Alichotaka ni neno moja tu, "baki", ili ampigie mkandarasi amwambie atafute mwingine. Siku ya kutoa jibu ikafika. Umeme ulikuwa umekatika mtaani, nao wakawasha jenereta. Lilikuwa kubwa na kuukuu, limewekwa ukutani upande wa kulia wa meza ya kazi, na lilinguruma mpaka misumari ikawa inacheza kwenye kopo. Fundi Geti alikuwa ameinamia bawaba ya geti la zahanati, kioo amekipandisha juu ya paji la uso. Cheche akaja akasimama kushoto kwake, bega karibu liguse bega.

"Kaka," alisema. "Nibaki au niende?"

Akangoja. Akalamba midomo, akarudia kwa sauti ya juu zaidi.

"Kaka, nimekuuliza. Nibaki au niende?"

Fundi Geti aliigeuza bawaba, akaikagua, akashusha kioo usoni. Moto ukaruka.

Cheche alivua aproni, akaitundika msumarini, akaenda nyumbani kumuaga shemeji yake.

Jioni mkewe alimpokea Fundi Geti mlangoni, mikono kiunoni.

"Mdogo wako ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Usinifanyie hivyo, baba watoto. Amekuuliza mara mbili kama abaki, hukumjibu hata kwa kichwa. Amelia hapa kama mtoto."

"Hakuniuliza."

"Alikuwa amesimama ubavuni mwako!"

"Hakuniuliza kitu, nakwambia."

Binti yao, ambaye wakati ule alikuwa sekondari, alikuwa amekaa na vitabu vyake kwenye kona. Akainua uso.

"Baba, mbona unadanganya?"

Fundi Geti alinawa mikono akatoka nje bila kula. Alimpigia Cheche simu kesho yake. Cheche alipokea.

"Kubali kwanza kwamba nilikuuliza," alisema. "Ukikubali, tutazungumza."

"Nitakubalije kitu ambacho hakikutokea?"

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo, kaka." Simu ikakatwa.

Miaka ikaanza kwenda. Cheche akaoa huko huko, na habari za harusi Fundi Geti akazipata kwa mkewe. Akapata mtoto, akapata wa pili. Picha zilikuja kwenye simu ya shemeji mtu, si kwenye ya kaka. Fundi Geti akawa anazichungulia kwa kujifanya anauliza ni saa ngapi.

Na huku karakanani alianza kujishuku. Mtu akiambiwa jambo na mkewe, na mwanawe, na mama yake mzazi, na daktari amekwisha kutia neno lake juu yao, hufika mahali akajiuliza kama akili yake mwenyewe inamficha kitu. Alikuwa akisimamisha kazi katikati, fimbo ya kuchomelea mkononi, anawaza: labda nilisikia. Labda nilitaka aende. Akaanza kupekua moyo wake kutafuta ubaya, na anayetafuta ubaya moyoni mwake haukosi. Alikumbuka jinsi wateja walivyokuwa wakimuulizia Cheche kwanza, na jinsi jambo hilo lilivyowahi kumchoma kidogo. Akajiambia, basi ni hapo.

Mama yao akaugua. Alikuwa mtu mzima, moyo umechoka, na kila aliyekwenda kumwona alijua haponi. Siku moja alimshika Fundi Geti kiganja.

"Mwanangu, sitaki kuwaacha hivi. Kubali tu. Sema alikuuliza. Mtu hafi kwa kukubali."

"Mama..."

"Nimekubeba wewe tumboni. Nakuomba."

Fundi Geti alitazama mkono ule, mishipa imejitokeza kama kamba, akakosa nguvu ya kushindana nao.

"Sawa, mama," alisema. "Aliniuliza. Nilisikia, nikanyamaza."

Mama alifumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua kuni kichwani. Alidhani amepata dawa. Baadaye siku ile ile alimwomba mkwewe ampigie Cheche simu, akamwambia kwa sauti ya kufifia lakini yenye furaha: kaka yako amekiri, njoo sasa, mshikane mikono nikiwaona.

Lakini mpaka siku ile Cheche alikuwa amebakiza upenyo mdogo moyoni. Kuna wakati alijiambia labda ni lile jenereta, labda kaka hakusikia. Simu ya mama iliuziba upenyo ule. Kwa hiyo alisikia, akashusha kioo usoni makusudi! Cheche alikawia kufunga safari. Alipofika, mama alikuwa ameshafariki. Makaburini ndugu wawili walisimama huyu huku na huyu kule, katikati yao kaburi. Walipeana mikono kama wanavyopeana na waombolezaji wengine, na Cheche akaondoka kabla matanga hayajaisha.

Yaliyofuata yalianza na lori. Fundi Geti alikuwa anavuka pale kwenye maegesho, lori linarudi kinyumenyume kutoka kushoto kwake, linapiga honi mpaka watu wamefunga masikio, naye anatembea tu. Mpakia mizigo mmoja alimvuta kwa ukosi wa shati. Binti yake, ambaye sasa alikuwa mwalimu na mama wa mtoto mmoja, aliposikia hakutaka mjadala.

"Unakwenda kupimwa tena, baba. Na safari hii nakupeleka mimi."

Hospitali aliyompeleka ilikuwa na chumba kidogo cha kupimia, kuta nene zimevikwa sponji, mlango mzito kama wa jokofu la buchani, na dirisha la kioo katikati ya mpimaji na mpimwaji. Mpimaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba, na alizungumza taratibu bila kupandisha sauti. Alimpima la kulia, akampima la kushoto. La kushoto lilikuwa kama mara ya kwanza: kimya, kimya, kimya, halafu ile filimbi ya nyumba ya tatu. Fundi Geti akabonyeza.

Mpimaji alifungua mlango akaingia.

"Sasa tunarudia la kushoto," alisema. "Ila kwanza nitalipa la kulia kazi ya kufanya. Litasikia mvumo, kama redio isiyoshika stesheni. Huo usiujali. Bonyeza ukisikia mlio tu."

"Kelele za nini tena, daktari?"

"Kwa sababu simwamini aliyebonyeza." Alitabasamu kidogo. "Sauti ikiwa kubwa upande mmoja, haikai upande huo. Inapita kwenye mifupa ya kichwa mpaka ng'ambo, na sikio zima linaisikia. Wewe unabonyeza, na huna kosa, umesikia kweli. Lakini aliyesikia si yule niliyemuuliza."

Fundi Geti alifikiri kidogo. "Kama geti. Ukigonga nguzo ya huku, ya kule inatetemeka."

"Hivyo hivyo. Sasa huyu wa kulia namshughulisha na kelele zake, ili nimuulize mwenziwe peke yake."

Mlango ukafungwa. Mvumo ukaanza kuliani, mdogo kwanza, kisha ukapanda ukajaza upande ule wote wa kichwa. Kwenye kioo Fundi Geti alimwona mpimaji akizungusha kitufe chake, polepole, anasubiri, anazungusha tena. Nyuma yake binti amekaa, mkoba magotini. Fundi Geti alingoja filimbi. Haikuja. Akakaza uso, akaelekeza roho yake yote upande wa kushoto, akakuta huko hakuna kitu. Si kwamba palikuwa kimya, maana kimya mtu anaweza kukisikiliza. Palikuwa kama ukuta.

Kuliani mvumo, kushoto ukuta. Akawaza, hapa nimewahi kuwapo. Akaliona jenereta lile kuukuu, misumari inacheza kwenye kopo, bawaba ya geti la zahanati mkononi mwake. Kitufe kikamponyoka kikaanguka sakafuni.

Mpimaji alidhani amechoka. Alimwacha apumzike, akarudia, akajaribu tena kwa kidude kinachotetemesha mfupa nyuma ya sikio, mvumo ukiwa kuliani vilevile. Alipomaliza alivaa miwani, akawaita baba na binti wakae mbele ya meza.

"Sikio la kushoto halisikii kabisa," alisema. "Wala si la jana. Utotoni uliwahi kuugua matubwitubwi?"

"Niliugua. Mama alinifunga kitambaa kidevuni, nikawa kama maiti. Mdogo wangu alikuwa hajazaliwa."

"Inawezekana ndipo lilipokufa. Mtoto hana neno la kusema sikio moja limezimika. Anazoea tu. Na aliyekupima mara ya kwanza, alikuwekea mvumo upande wa pili?"

"Hakuweka."

"Pengine hakuwa na kifaa, na ukumbini kulikuwa na watu wengi. Lakini ndiyo hivyo, alipima sikio moja mara mbili."

"Na ile mashine?"

"Ilikuwa inapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Fundi Geti alikuwa anatazama mikono yake.

"Daktari," alisema mwishowe. "Unaweza kunirudishia ule mvumo? Kulia tu. Na kushoto uniache wazi."

Mpimaji alimtazama usoni, akaona si utani. Walirudi chumbani. Alimwekea kuliani kisikilizio kidogo cha kuchomeka, akampandishia mvumo taratibu. Fundi Geti akainama, viwiko magotini, macho sakafuni, kama aliyeinamia kazi mezani.

"Mwanangu," alisema kwa sauti kubwa bila kujua. "Simama hapa kushoto kwangu. Sema neno lolote. Usiniguse."

Alikaa hivyo. Aliona ncha za viatu vya binti yake zikisogea, zikasimama. Alingoja. Akangoja tena. Alipoinua macho alimkuta binti machozi yanamtiririka, midomo imeshafunga. Mpimaji akazima.

"Umekwisha kusema?" Fundi Geti aliuliza.

"Nimesema mara mbili, baba."

"Umesema nini?"

Binti alijifuta kwa kiganja. "Nimesema, siku ile nilikuita mwongo."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na akili zangu."

Fundi Geti alitaka kumwambia kwamba hakumwekea kinyongo, na kweli hakuwa nacho. Lakini aliloliwaza lilikuwa jingine. Alikuwa amesema kweli kwa kila mtu akaitwa mwongo. Alidanganya mara moja tu, kitandani kwa mama yake, na hapo ndipo alipoaminiwa. Mama alikwenda na uongo ule kaburini. Hapakuwa na simu wala basi la kumfikishia habari nyingine.

Mkewe alipoambiwa alikaa kwenye kigoda cha jikoni, kijiko mkononi, chungu kinaungua. "Yule mtu wa hospitali alisema linasikia," alirudia. "Mimi mwenyewe nilimsikia. Alisema linasikia." Siku kadhaa alimhudumia mumewe kama mgonjwa, hata akachoshwa.

Fundi Geti hakupiga simu kwa Cheche. Alijua simu ile ingekatwa kabla hajafika katikati. Alipanda basi.

Cheche sasa alikuwa na karakana yake mwenyewe, kubwa kuliko ya nyumbani, imeezekwa vizuri, mafundi wanafanya kazi huku na huku. Cheche alikuwa anamwelekeza mtu kupinda bomba. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi, jambo ambalo Fundi Geti hakulitegemea, likamuuma kama vile ni kosa lake. Cheche aligeuka, akamwona. Hakuna kilichosogea usoni mwake.

"Shikamoo, kaka," alisema, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba. Naomba unisikilize tu. Ukishanisikiliza nitaondoka."

Walikwenda kwenye kibanda cha ofisi. Fundi Geti alieleza yote, kwa lugha yake ya chuma na nguzo: sikio lililokufa utotoni, lile la kulia lililokuwa linajibu badala yake, mvumo uliowatenganisha. Cheche alisikiliza akiwa amesimama, mikono imefungwa kifuani.

"Mama alinipigia," alisema. "Aliniambia umekiri. Kwa kinywa chako."

"Nilikiri ili apumzike."

"Ulimdanganya mama anayekufa?"

"Ndiyo. Aliniomba nikubali, nikakubali. Ningefanya nini, nigombane naye?"

Cheche alikwenda dirishani, akatazama mafundi wake kama mtu anayehesabu kitu. Aliporudi na kukaa, alikaa kwa uzito, kiti kikalia.

"Ningekugusa bega tu," alisema. "Nilikuwa karibu nawe hivi. Ningekugusa bega, ungegeuka."

"Na mimi ningekufuata stendi. Nilijiambia una hasira za ujana, zitaisha."

"Niliwaambia watu wote huku kwamba sina ndugu."

Nje mtu aliwasha grinda, akaizima.

"Hebu niambie ukweli," Cheche akasema. "Kama ungenisikia. Ungenijibu nini?"

Fundi Geti alikuwa amelifikiria swali hilo safari nzima, kichwa kwenye kioo cha basi. Angependa kusema angemwambia abaki. Lakini uongo mmoja ulikuwa umekwisha kumtosha.

"Sijui, mdogo wangu. Unanijua. Labda ningekwambia tumalize kwanza lile geti."

Cheche alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kile cha zamani cha kuchekesha wateja, kikapanda na kupanda, mpaka fundi mmoja akachungulia mlangoni. Kikaishia vibaya. Aliinamisha uso juu ya meza, mabega yakawa yanamtetemeka.

"Mama alipopiga, kulikuwa na basi jioni ile ile," alisema kutoka kwenye mikono yake. "Sikulipanda. Nilisema nikienda nitakukuta kitandani kwake. Nikalala siku mbili, makusudi, kaka. Makusudi."

Hapo palikuwa hapana la kueleza. Lile la sikio lilikuwa na mpimaji wake na mvumo wake. Hili halikuwa navyo. Fundi Geti alinyanyuka akazunguka meza, akasimama karibu na mdogo wake, akamwekea mkono mgongoni, wakakaa hivyo mpaka mafundi walipoanza kufunga vifaa vyao.

Alilala kwa Cheche usiku ule. Shemeji yake mpya, ambaye hata kwa miaka hiyo hakuwa mpya tena, alimpikia akamkaribisha kwa adabu zote, akamtandikia kitanda cha watoto. Walizungumza mambo ya kazi, bei ya mabomba, miguu ya mke wa Fundi Geti inayovimba. Kurudi kwenye ile karakana ya nyuma ya maegesho hakuna aliyekutaja. Cheche alikuwa na mafundi wa kuwalipa na watoto waliokuwa shuleni hapo, na Fundi Geti aliona kwa macho yake kwamba maisha ya mdogo wake yalikuwa yameshaota mizizi mahali pengine.

Asubuhi aliamka mapema, akatoka uani akiwa na kanga ya kuazima mabegani. Mtoto mdogo wa Cheche, msichana mwenye pengo la meno ya mbele, alikuwa anafagia. Alipomwona, alisimamisha ufagio, akaita kuelekea jikoni:

"Mama! Mgeni ameamka!"

"Si mgeni huyo," sauti ya Cheche ikatoka ndani. "Ni baba yako mkubwa."

Mtoto alimtazama Fundi Geti kutoka juu mpaka chini, akalipima neno lile. Kisha akaenda akachota maji kwa kata, akamletea anawe uso, akampa kwa mikono miwili huku ameinamisha macho, kama alivyofundishwa kuwapa wageni.